Nilijua Tangu Kwenye Foleni

Naandika haya kwa ruhusa ya mke wangu. Ameyasoma kabla ya mtu mwingine yeyote, na sharti lake lilikuwa kwamba nisijipunguzie kosa, wala nisimfanye yeye mgonjwa au mwoga. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa mwoga. Mimi ndiye niliyemfanya ayaamini hayo juu ya nafsi yake, huku nikijua kwamba si kweli.

Tunaishi Columbus, Ohio. Kwa apendaye rolakosta, zile treni za burudani zinazopanda vilima vya reli na kuteremka kwa kasi, hili ni jimbo la neema. Kaskazini, ukingoni mwa Ziwa Erie, kuna Cedar Point, bustani ya burudani iliyoanza mwaka 1870. Kusini-magharibi, karibu na Cincinnati, kuna Kings Island. Sisi tuko katikati, na popote pale unaweza kwenda kwa gari ukarudi siku hiyohiyo. Mimi ni wa Tanga, yeye ni wa Unguja, na utotoni hakuna kati yetu aliyeota kitu cha namna hiyo. Yeye alizijua pembea za sikukuu katika viwanja vya Kariakoo pale mjini, basi. Tulianza kwa ajili ya binti yetu, tukanogewa sisi wazazi. Ila tulinogewa na vitu tofauti.

Mke wangu anapenda Diamondback ya Kings Island. Ilifunguliwa mwaka 2009, kazi ya Bolliger & Mabillard wa Uswisi, na kilima chake cha kwanza kina kimo cha mita 70. Mwendo wake unafika kilomita 129 kwa saa. Mtu akizisikia tarakimu hizo atadhani ni jambo la kutisha, lakini mwilini halijisikii hivyo. Vilima vyake vimechongwa karibu sawa na njia ambayo kitu kilichorushwa hewani kingeifuata chenyewe. Kwa hiyo treni inapopita kileleni, reli haikusukumi wala haikuvuti. Uzito unakutoka taratibu, unainuka kidogo kitini, chuma cha mapajani kinakugusa tu, unabaki hapo kwa muda wa kuvuta pumzi, kisha kiti kinakurudia. Aliwahi kuniambia kwamba ni kama boti ya Pemba inapoteremka wimbi kwenye mkondo wa Nungwi, ila hapa wimbi linalofuata unalijua. Hayo maneno ya mwisho ndiyo niliyopaswa kuyasikiliza. Raha yake ilikaa ndani ya kujua kinachokuja.

Mimi napenda kurushwa na kubanwa. Steel Vengeance ya Cedar Point, iliyofunguliwa mwaka 2018 juu ya kiunzi cha Mean Streak, rolakosta ya mbao ya mwaka 1991, inatangazwa kwamba inamweka abiria juu ya kiti zaidi ya sekunde 27 katika mzunguko mmoja. Pale huelei. Vilele vyake ni vikali, treni inavipita kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kupinda, na mwili unataka kuendelea kwenda juu wakati reli imeshakata kwenda chini. Chuma cha mapajani ndicho kinachokurudisha, na mapaja yanakumbuka hadi kesho yake. Napenda pia kona zinazokukandamiza kitini mpaka ukashindwa kuuinua mkono. Sijaacha kuvipenda vitu hivi na sioni sababu ya kuacha.

Kosa langu halikuanza kwenye kupenda. Lilianza nilipoipanga raha yangu juu ya raha yake. Kila tulipotoka Diamondback akiwa ameng'aa uso, mimi nilikuwa na neno. Nilisema ni nzuri kwa wanaoanza. Nilisema ataikinai akishaonja kitu chenye nguvu. Mbele ya wageni, jamaa zetu waliokuja kututembelea, nilimtania kwamba yeye bado yuko kwenye pembea za Kariakoo. Alicheka pamoja nao. Nilidhani kucheka kwake ni kukubali.

Watu wa mambo haya wanajua vizuri kwamba kimo na mwendo haviwezi kukuambia mtambo utakufanyia nini. Nguvu inayokubana kwenye kona inapanda kwa mraba wa mwendo, na inapanda tena kadiri kona inavyokuwa finyu. Chukua rolakosta mbili za mtengenezaji mmoja, Intamin. Millennium Force ya Cedar Point, ya mwaka 2000, ina mita 94 na kilomita 150 kwa saa; kona zake ni pana na zimelazwa, na mtu anazipita kama anayeteleza. Intimidator 305 ya Kings Dominion, Virginia, ya mwaka 2010, ilikuwa na mita 93 na kilomita 145 kwa saa, pungufu kidogo kwa yote mawili. Lakini chini ya mteremko wake wa kwanza waliweka kona ndefu iliyobana, na abiria wengi waliitoka hawaoni kitu. Katika msimu uleule walianza kwa kuipunguzia mwendo kwa breki mteremkoni, na kabla ya msimu wa 2011 wakaing'oa reli ya kona ile na kuipanua. Sikusoma habari hizi baada ya tukio letu ninalotaka kulisimulia. Nilizijua kabla, na nilikuwa mtu wa kuwaeleza wengine.

Mtambo tuliopanda sisi siku ya tukio hilo ni mwingine, katika bustani nyingine, na sitautaja kwa sababu haukunikosea chochote. Ulikuwa na kibao chake cha maonyo kama ilivyo mingine yote. Ulifanya kile ulichojengwa kufanya.

Ilikuwa mchana wa joto, foleni ndefu, na mke wangu hakuwa amekula vizuri tangu asubuhi. Aliniuliza, "Huu ukoje? Unaelea au unabana?" Aliuliza kama mtu anayejua anachouliza. Mimi nilijua jibu. Nilijua kwamba baada ya mteremko wa kwanza kuna mzingo unaokandamiza kwa sekunde kadhaa bila kuachia, na kwamba watu wazima wenye afya zao hutoka pale macho yameingia kiza. Nilikuwa nimeyasikia kwa wapandaji wenzangu, na nilikuwa nimeyapata mwenyewe. Mimi niliyapenda.

Nikamwambia kimo chake ni kidogo kuliko cha Diamondback. Ilikuwa kweli. Nikamwambia mwendo wake hauzidi sana. Hiyo pia ilikuwa kweli. Kisha nikasema, "Ni laini tu, utaupenda." Akanitazama, akasema, "Haya, mimi nakuamini wewe."

Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu nililokuwa nalo kwa muda mrefu ni kwamba nilitaka aonje nilichokipenda. Ni jibu zuri, lakini si la kweli lote. Nilitaka kushinda ubishi. Nilitaka ashuke pale aseme nilikuwa sahihi miaka yote, kwamba kuelea ni kwa wanaoanza na kwamba alikuwa amechelewa. Nilimhitaji yeye kama ushahidi, na kwa kuwa nilijua asingekubali kwa hiari akiambiwa ukweli, nikauficha ukweli.

Tulipofika kwenye ule mzingo nilimsikia ananiita jina langu. Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anayemtafuta mwenzake gizani ndani ya nyumba. Treni iliposimama kwenye breki alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yote miwili, na akasema, "Sikuwa naona. Nilikuwa nasikia kila kitu lakini sikuwa naona."

Kilichompata kina maelezo, na nilikuwa nayo kichwani palepale. Mwili ukikandamizwa kuelekea kitini, damu nayo inakuwa nzito. Kwenye G 4, yaani mkandamizo wa mara nne ya uzito wa kawaida, mtu wa kilo 60 anajihisi ana kilo 240, na moyo unatakiwa kuipandisha damu hiyo nzito mpaka kichwani. Jicho ndilo linaloshindwa kwanza, kwa sababu lenyewe lina shinikizo ndani yake na damu lazima ilishinde hilo ili iingie. Rangi zinafifia, uwanda wa kuona unajikunja kutoka pembeni, mwisho kiza, huku ubongo bado una damu ya kutosha kusikia na kufikiri. Kwa hiyo mtu anakuwa macho kabisa, anasikia kila sauti, na haoni. Marubani wa ndege za kivita hufunzwa kukaza miguu na tumbo kabla ya kubanwa, na huvaa suruali maalumu zinazojaa hewa na kuminya miguu, ili damu isiende chini yote. Muda nao una uzito wake: mkandamizo wa nusu sekunde unapita kabla jicho halijaishiwa, lakini ukivutwa sekunde kadhaa, akiba inakwisha. Joto, kiu na tumbo tupu vinausogeza karibu zaidi mpaka huo wa kutoona. Na usipojua kwamba mkandamizo unakuja, hukazi chochote. Unakaa umelegea, umeamini kwamba ni laini.

Ningeweza kumweleza yote hayo pale pale kwenye benchi alipokaa. Yangechukua muda mfupi. Lakini kumweleza kungekuwa kumwambia kwamba nilijua. Nikamletea maji, nikasema labda ni joto.

Hapo ndipo kosa la pili lilipozaliwa, na kwa macho yangu ni kubwa kuliko la kwanza. Mke wangu alirudi nyumbani akiamini kwamba mwili wake una kasoro. Hoja yake ilikuwa timamu: kama mtambo ni laini, na mimi niliyekaa kando yake sikupatwa na kitu, basi tatizo liko kwake. Akaanza kujisikiliza. Akipanda ngazi na mapigo ya moyo yakapanda, alisimama. Alimpigia simu mama yake Unguja kuuliza kama kuna ugonjwa wa moyo katika ukoo, na mama naye akakosa usingizi upande ule. Kisha akaenda kwa daktari, nami nilikwenda naye.

Daktari alimsikiliza vizuri. Alimuuliza kuhusu mtambo, naye akajibu kwa maneno yangu, kwamba ulikuwa wa kawaida, laini. Daktari akanigeukia. "Na wewe ulijisikiaje?"

Nikasema, "Kawaida."

Ukweli ni kwamba mimi pia macho yangu yaliingia ukungu kwenye ule mzingo, kama kila mara. Kwa jibu langu akaandikiwa kipimo cha umeme wa moyo, vipimo vya damu, na kifaa cha kurekodi mapigo alichokivaa kifuani mchana na usiku, akilala nacho. Katika nchi hii kila kipimo kina bili yake. Bili tulilipa wote wawili. Hofu alilipa peke yake.

Majibu yalirudi safi, na hayakumtuliza. Daktari asipokuta kitu, mtu aliyekwisha kushawishika kwamba kitu kipo anafikiri kimejificha. Majira ya joto yaliyofuata hakupanda chochote. Nilimshauri turudi kwenye Diamondback yake, nikisema ile haina neno, akajibu kwamba na ule mwingine nao haukuwa na neno. Sikuwa na la kujibu.

Wakati huo ndipo nilipoanza kusoma historia ya mitambo hii kwa jicho lingine. Zamani nilikuwa nikiisoma kama hadithi ya kupanda kutoka upole kwenda ukali, kana kwamba upole ulikuwa utoto wa fani. Rolakosta ya LaMarcus Thompson pale Coney Island, mwaka 1884, ilikwenda karibu kilomita 10 tu kwa saa, kwa senti 5, na watu walijaa. Miaka 11 baadaye, mwaka 1895, hapohapo Coney Island, ikaja Flip Flap Railway, yenye kitanzi cha kumgeuza mtu kichwa chini. Kitanzi kilikuwa duara kamili, na duara kamili linampiga abiria kwa nguvu yote ghafla anapoingia. Ilisifika kwa kuumiza shingo, na haikudumu. Mwaka 1901 Loop the Loop ikajaribu umbo la yai, ikawa afadhali. Kitanzi kilichokubalika kwa mwili kilisubiri mpaka 1976, pale mhandisi Mjerumani Werner Stengel na mjenzi Anton Schwarzkopf walipoweka kwenye Revolution, huko California, kitanzi chenye umbo la tone: kipana chini, treni inapokuwa na kasi, kifinyu juu, inapokuwa imepoa.

Nilichokuwa sijakiona ni kwamba sehemu kubwa ya akili iliyomwagwa kwenye fani hii tangu hapo ni akili ya kulainisha. Kuumiza hakuhitaji hesabu. Duara la Flip Flap lilitosha. Kumwinua mtu kwenye kilele cha Diamondback na kumwachia hewani bila kumtupa wala kumburuta kunahitaji kuujua mwendo wa treni kwenye kila mita ya reli, iwe imejaa au nusu tupu, asubuhi grisi ikiwa baridi na jioni ikiwa imepata moto. Mke wangu, asiyejua jina la mhandisi hata mmoja, alikuwa ameuhisi ustadi huo kwa mwili wake. Aliweza kukuambia kilima kipi kinaachia vizuri na kipi kinaachia mapema. Alijua kwamba viti vya mbele vinaning'inia kileleni na viti vya nyuma vinavutwa na treni iliyokwisha kuteremka, ndiyo maana daima alitafuta vya mbele. Mimi niliyejiona mjuzi nilikuwa nimehesabu mita na kilomita.

Binti yetu ndiye aliyenifungua mdomo, bila yeye kujua. Amerithi tamaa yangu. Anapenda vinavyobana kuliko hata mimi. Siku moja alirudi kutoka matembezi na wenzake, akawa anamsimulia mama yake mtambo fulani mpya. Akasema, "Mama, huu usipande. Mwanzo ni mzuri, utaupenda, lakini kona ya tatu inakukandamiza na haikuachii. Mimi naipenda, wewe hutaipenda." Mama yake akaitikia, akamshukuru, wakaendelea kumenya viazi. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hakukuwa na dharau ndani yake wala kushawishi. Alikuwa amembebea mama yake habari kamili na kumwachia aamue.

Usiku ule nilimwambia mke wangu. Nilianza na foleni, nikaja kwenye benchi, nikamalizia na chumba cha daktari. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira kuhusu mtambo, nikakuta mtambo wenyewe haumshughulishi sana. Aliniuliza, "Nilipokuwa nimelala na kile kifaa kifuani, wewe umelala ubavuni mwangu, ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Nilipompigia mama?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka akaenda kulala chumba cha binti yetu, na alilala huko kwa muda.

Sikumwomba asamehe haraka. Nimewaona wanaume wanaotubu kwa kishindo ili mwenye kuumizwa abebe na kazi ya kuwabembeleza, na nilijizuia nisiwe mmoja wao. Nilimpigia mama mkwe mwenyewe, nikamweleza kwamba mwanawe hana ugonjwa na kwamba aliyemtia wasiwasi ni mimi. Aliniuliza, "Ulimwambia uongo, mwanangu?" Nikasema, "Ndiyo, mama." Akakata simu. Baadaye alipiga, lakini alipiga kwa mke wangu.

Jambo ambalo mke wangu alilidai ni kwamba nirudi naye kwa daktari na nimweleze mwenyewe, kwa sababu faili lake lilikuwa limeandikwa kwamba alipoteza uwezo wa kuona bila sababu inayojulikana, na hakutaka maneno hayo yamfuate maisha yake yote. Tukaenda. Nilieleza mtambo ulivyo, ule mzingo na urefu wake, na kwamba mimi pia macho yalififia siku ile. Daktari aliandika akiniuliza: sekunde ngapi kwa kukisia, alikuwa amekula, alikuwa amekunywa maji, fahamu zilimpotea au hapana. Mke wangu alijibu lililomhusu na mimi langu. Kisha daktari akamgeuzia kioo cha kompyuta asome mwenyewe alichokiandika. Alisoma chote, akaomba neno moja lirekebishwe, likarekebishwa.

Msimu uliofuata alirudi Kings Island na binti yetu. Waliporudi nyumbani nilisikia kwamba walikaa mbele, na kwamba foleni ya safu ya mbele ilikuwa ndefu kuliko nyingine lakini walisubiri. Sikuulizwa kama nataka kwenda nao, wala sikuuliza.